Nyumba Isiyo na Moshi

Tuliondoka Maili Moja, Kibaha, jua halijakolea. Shangazi alikuwa amelala kwangu, ametoka Kisarawe jana yake, na hamu ya safari ilikuwa yake: miaka yote amekuwa akishuka kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, na hayo makumbusho yenyewe hajawahi kuyaona. Nikamwambia tuanze na yale ya mjini, Mtaa wa Shaaban Robert. Daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi hadi Posta ya Zamani.

Makumbusho hayo yalifunguliwa 1940, na jina lake la kwanza halikutuhusu: yalikuwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Kabla ya Waingereza, Wajerumani walichimba vyetu wakavipeleka kwao. Mifupa ya dinosaria iliyofukuliwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ilibebwa na wapagazi hadi bandarini. Mmoja wa wanyama hao leo amesimama Berlin, urefu wake unapita mita 13. Fuvu la Zinjanthropus lina bahati zaidi. Mary Leakey aliliona Olduvai mwaka 1959, lina umri wa miaka kama milioni 1.75, na linatunzwa hapa hapa nyumbani.

Shangazi alisikiliza kwa heshima, kama mtu aliyeketi kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Magari ya Mwalimu Nyerere ndiyo yaliyomsimamisha. Hata mimi, nikiri.

Mchana tukapanda daladala kwenda Kijitonyama. Kijiji cha Makumbusho kilianza 1966, nchi ikiwa na miaka mitano tu ya uhuru, na humo hamna fuvu wala kabati la vioo. Mna nyumba: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, na nyingine za makabila mbalimbali, kila moja kwa ukubwa wake halisi. Kituo cha daladala kimepewa jina na kijiji hiki, ingawa wengi wanaoshuka pale hawana habari nacho.

Kwenye nyumba ya Wazaramo Shangazi hakungoja maelezo. Alivua kandambili mlangoni, akaingia, akapapasa udongo uliokandikwa kwenye fito, akatazama juu.

“Mwanangu, hapa hapapikwi.”

“Umejuaje, Shangazi?”

“Makuti hayana masizi. Nyumba isiyo na moshi huliwa na wadudu.”

Mjini kitu hufungiwa kiooni kisiguswe. Huku nyumba ya miti na udongo inahifadhiwa na watu wanaoishi ndani yake. Wakiondoka, mvua na mchwa humaliza kazi, na paa huezekwa tena na tena. Kwa macho yangu, kijiji kile ndicho makumbusho magumu zaidi kutunza nchini, na ndiko nitakakorudi.

Kwa wenye dhamana nacho nina ombi moja: washeni mafiga.