Paswadi si ufunguo pekee: hadithi ya sesheni

Wasee, kuna kitu tunachukulia poa sana. Unaweka kiatu kwa kikapu cha duka la mtandaoni, unazunguka kurasa zingine, unarudi na kiatu bado kipo. Nani amekikumbuka?

Si wavuti yenyewe. Tim Berners-Lee alipoiunda pale CERN, kila ombi lilisimama peke yake. Unaomba ukurasa, seva inakupa, halafu inakusahau kabisa. Kwa kusoma makala za wanasayansi, hiyo ilikuwa sawa. Kwa kuuza vitu, zii.

Mwaka 1994, Lou Montulli wa Netscape akaleta kuki: kipande kidogo cha data ambacho brauza inatunza na kurudisha kwa seva kila inapoomba ukurasa. Lakini kuki inakaa kwa kompyuta yako. Mwenye duka akiandika bei humo, mjanja ataibadilisha.

Hapo ndo sesheni ikaingia. Fikiria kaunta ya mizigo pale mlangoni mwa supamaketi. Unaacha begi, unapewa kibao chenye namba. Begi halitembei na wewe, namba ndiyo inatembea. Kwa sesheni, kikapu na jina lako vinabaki kwa seva, na kuki inabeba namba tu. PHP 4 ilipotoka mwaka 2000, sesheni zilikuja ndani yake, na kila mtu anayejifunza kuunda tovuti akazipata bure.

Sasa shida: mtu wa kaunta haangalii sura, anaangalia kibao. Oktoba 2010, Eric Butler alitoa Firesheep, programu ya kuongeza kwenye Firefox. Ukiwa kwa Wi-Fi ya wazi, ilinasa namba za watu walio karibu. Unabonyeza jina, umeingia Facebook kama wao, bila paswadi. Tovuti nyingi wakati huo zilificha paswadi tu, kisha zikaacha namba ipite uchi. Januari 2011, Facebook ikaanza kuwapa watu chaguo la kutumia HTTPS muda wote.

Maoni yangu? Tumeimbiwa paswadi mpaka tukasahau kibao. HTTPS inalinda namba ikiwa njiani, lakini haikusaidii ukiacha akaunti wazi kwa kompyuta ya saiba. Kufunga dirisha si kutoka. Toka kabisa kwa akaunti, ndo seva ifute hiyo namba. Anayekuja kukaa hapo baada yako asipate kibao chako mezani.