Mkonge wetu na profesa wa Milano

Kila mjadala wa uchumi wa nchi hii ukipamba moto, hakosekani mtu wa kusema: "Mwalimu ndiye aliyeua mkonge." Nimeyasikia hayo kwenye daladala, nimeyasikia chumba cha habari, na chuoni tulikuwa tunabishana hivyo mpaka usiku wa manane badala ya kusoma. Hoja yenyewe ni fupi na inakaa vizuri mdomoni: tulikuwa wa kwanza duniani, tukataifisha mashamba mwaka 1967, mkonge ukafa. Kwisha habari.

Mimi nina tatizo na hoja hiyo. Sisemi kuwa ni uongo mtupu, na huko nitafika. Ila inamwacha nje ya kizimba mshtakiwa mwingine mkubwa, ambaye jina lake hata kule Tanga sijawahi kusikia likitajwa. Alikuwa profesa wa kemia mjini Milano, Italia. Anaitwa Giulio Natta.

Tuanzie mbali kidogo, wadau, maana Natta hakuota kama uyoga.

Nyuzi za kutengenezwa maabara, zisizotoka kwenye mmea wala mnyama, zilianza rasmi Marekani kwenye kampuni ya DuPont. Mwaka 1928 kampuni ilimchukua mkemia kijana kutoka Harvard, Wallace Carothers, ikampa maabara na kumwambia afanye utafiti anaoutaka. Carothers alitaka kujua kama mtu anaweza kuunganisha molekuli ndogondogo, moja baada ya nyingine, mpaka zitoke molekuli ndefu kama mnyororo. Februari 1935 maabara yake ikapata kitu kilichokuja kuitwa nailoni. Yeye hakuiona ikiuzwa. Alisumbuliwa miaka mingi na ugonjwa wa huzuni, akajiua Aprili 1937 akiwa na miaka 41. Mwaka uliofuata DuPont ikaitangaza nailoni kwa mbwembwe kuwa ni uzi uliotokana na makaa ya mawe, maji na hewa, na Mei 1940 soksi ndefu za wanawake zikaanza kuuzwa Marekani nzima.

Waingereza nao hawakulala. Mwaka 1941 John Rex Whinfield na James Dickson, wakifuata njia ileile ya Carothers, walipata poliesta. Shati lako la kazini, lile lisilotaka pasi, asili yake ni hapo.

Sasa angalia jambo hili. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na Java. Ufilipino ndiko ilikotoka katani ya manila ya kamba za meli, na Java ilikuwa na mkonge mwingi. Majeshi ya Uingereza na Marekani yakaishiwa kamba. Marekani ikageukia nailoni kwa miavuli ya kurukia na kamba za kuvutia ndege. Uingereza ikageukia Tanganyika. Serikali ya kikoloni ikawa inanunua mkonge wetu wote, na ikatumia sheria kuwalazimisha vijana kwenda kuukata. Kwa hiyo vita ileile iliyoikuza nailoni ndiyo iliyoukuza mkonge wa Tanga. Kwa miaka michache mahasimu hawa wawili walikuwa wanalishwa na mkono mmoja.

Na mkonge wenyewe si mwenyeji hapa, kama hujui. Aliuleta Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, ikafika hai 62 tu. Miche 62! Kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba ya kutoka Pangani mpaka Korogwe na Morogoro, na lile jeshi la manamba waliosafirishwa kutoka Kigoma, Songea na kwingineko. Mwaka 1964 tulizalisha karibu tani 230,000. Tulikuwa wa kwanza duniani.

Sehemu kubwa ya mkonge huo haikuwa inafunga meli. Ilikuwa inafunga nyasi. Mkulima wa Ulaya na Amerika ana mashine inayokusanya nyasi kavu za ng'ombe na kuzifunga marobota, na kila robota linahitaji kamba. Tajiri wa Tanga alikuwa anamtegemea ng'ombe wa Wisconsin, na sidhani kama ng'ombe alijua.

Hapo ndipo anapoingia profesa wetu. Mwaka 1953 Mjerumani Karl Ziegler aligundua kichocheo kipya cha kuunganishia molekuli za gesi. Natta, aliyekuwa mshauri wa kampuni ya Montecatini, alikichukua kichocheo hicho na Machi 1954 akakijaribu kwenye gesi ya propilini. Propilini ni gesi inayotoka tu wakati wa kusafisha mafuta ghafi, na viwanda vingi vilikuwa vinaichoma kama takataka. Kilichotoka safari hii ni plastiki ngumu, nyepesi, isiyoyeyuka kwenye maji ya moto. Siri yake ilikuwa mpangilio: kwenye kila mnyororo, vitawi vyote vya pembeni vilikaa upande mmoja kama meno ya kitana, hivyo minyororo ikaweza kulaliana na kubanana. Mpangilio huo ulipewa jina la Kigiriki na mke wake, Rosita, ambaye alikuwa mtu wa fasihi na si kemia. Plastiki yenyewe ikaitwa polipropilini, na mwaka 1957 Montecatini ikaanza kuizalisha kiwandani. Mwaka 1963 Natta na Ziegler wakagawana Tuzo ya Nobel. (Wamarekani wawili, Hogan na Banks, walikuwa wameipata mwaka 1951 huko Oklahoma, na kesi ya hataza ikaendeshwa mpaka 1983. Wamarekani wakashinda.)

Plastiki pekee isingemtisha mtu wa mkonge. Kilichotisha ni mbinu iliyofuata, na kwa kweli ni rahisi mno ukiielewa. Unaiyeyusha polipropilini na kuitandaza iwe karatasi nyembamba. Unaikata kuwa mikanda. Kisha unaipasha moto na kuivuta, mpaka urefu wake unakuwa mara nyingi kuliko mwanzo. Ukivuta hivyo, minyororo yote ya molekuli inajipanga kuelekea upande mmoja. Sasa mkanda una nguvu ya ajabu kwa urefu, lakini kwa upana ni dhaifu, ukiusokota unachanika wenyewe kuwa nyuzi. Huhitaji kusokota nyuzi moja moja. Unasokota ule mkanda na tayari una kamba. Ukiufuma, una gunia.

Linganisha na mkonge. Unapanda, unasubiri miaka kama mitatu ndipo ukate jani la kwanza. Jani lina mwiba nchani, linabebwa mpaka kwenye mashine ya kusindika, ambayo watu wa mashambani wanaiita korona (kabla ya 2020 neno hilo halikumtisha mtu). Kwenye kila kilo 100 za majani unapata kilo kama 4 za nyuzi. Unazianika, unazipiga brashi, unazipandisha meli. Kamba yake inanyonya maji, inaoza, panya wanaitafuna. Kamba ya Natta inaelea majini, haiozi, na kilo moja yake inatoa mita nyingi zaidi. Adui yake mkubwa ni jua, na hata hilo wakemia walilipatia dawa ya kuchanganya ndani.

Nirudi kwenye mashtaka yetu. Bei ya mkonge ilipanda sana mwaka 1963 na mwanzoni mwa 1964, watu Tanga wakajenga nyumba. Bei kubwa ndiyo iliyowapa wenye viwanda vya plastiki hamu ya kuingia sokoni, na wakati huohuo Brazil ilikuwa inapanda mkonge kwa fujo. Azimio la Arusha liliposomwa Februari 1967, bei ilikuwa imepoteza karibu nusu yake. Mashamba mengi yalitaifishwa mwishoni mwa mwaka huo. Yaani serikali ilichukua biashara ambayo tayari ilikuwa inavuja damu. Ukisema utaifishaji ndio uliochoma kisu cha kwanza, kalenda inakukatalia.

Lakini msinipigie makofi bado, ninyi watetezi wa Mwalimu, kwa sababu kuna sura ya pili na si nzuri kwetu.

Oktoba 1973 vita ilizuka Mashariki ya Kati, na ndani ya miezi michache bei ya mafuta ghafi ikawa mara nne. Polipropilini inatoka wapi? Kwenye mafuta. Ghafla kamba ya plastiki ikawa ghali, na wanunuzi wakakimbilia mkonge. Mwaka 1974 bei ya mkonge ilipanda mara kadhaa kuliko ilivyokuwa miaka mitatu nyuma. Ilikuwa bahati ya mtende. Na sisi tulikuwa na nini ghalani? Uzalishaji ulikuwa umeshuka mpaka karibu tani 140,000, na ukaendelea kushuka.

Kwa nini? Rudi kwenye ile miaka mitatu ya kusubiri. Jani linalokatwa 1974 lilitakiwa kupandwa 1970 au kabla, na wakati ule bei ilikuwa chini, hivyo wenye mashamba binafsi walikuwa wanakamua majani ya zamani bila kupanda upya wakiogopa kunyang'anywa, na mashamba ya umma nayo hayakupanda vya kutosha. Kiwanda cha plastiki kinaweza kuongeza zamu wiki ijayo. Shamba la mkonge haliwezi. Biashara ya namna hiyo inahitaji mtu mwenye roho ya kupanda wakati bei ni mbaya, na roho hiyo hatukuwa nayo, si tajiri wala shirika.

Ushahidi unaoniuma zaidi ni Brazil. Polipropilini iliwapiga na wao vilevile, bei zilikuwa zilezile, ila wakulima wadogo wa Bahia waliendelea kukata mkonge wao, na ndani ya miaka ya 1970 wakatupita. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sisi tulikuwa tunazalisha tani 20,000 hivi, chini ya sehemu moja ya kumi ya mwaka 1964. Tangu hapo imepanda, lakini ukisafiri kutoka Segera kwenda Tanga bado unaona vichaka mahali palipokuwa na mistari iliyonyooka kama ya daftari.

Kwa hiyo hukumu yangu, na mtanibishia: kemia ndiyo iliyoangusha bei, na hilo lingetokea hata kama mashamba yangebaki kwa Wagiriki na Wahindi. Kushindwa kusimama tena mwaka 1974 ni kwetu wenyewe.

Lugha nayo imeweka kumbukumbu zake. Kamba ya plastiki tunaiita "manila", jina la mmea iliouondoa sokoni. Gunia la plastiki tunaliita "sandarusi". Sandarusi halisi ilikuwa gundi ya mti, ikichimbwa pwani yetu na kupelekwa mpaka Salem, Massachusetts, katika karne ya 19 kutengenezea vanishi. Nayo biashara hiyo ilikufa.

Halafu kuna ile mifuko. Juni 1, 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na nakumbuka wengine wakasema sasa mkonge utapumua. Chukua mfuko ule laini unaofanana na kitambaa, unaopewa dukani leo badala ya "rambo". Mingi ya mifuko hiyo haikutengenezwa kwa kitambaa, wala pamba, wala katani. Ni polipropilini ya Natta.