Kumdhamini aliyekosa



Mwaka 1841, katika mji wa Boston, Marekani, fundi viatu mmoja jina lake John Augustus alimwomba hakimu asimfunge mlevi mmoja, akakubali kuwa mdhamini wake. Baada ya wiki tatu yule mtu alirudi tribinali akiwa ameacha pombe. Hakimu akamtoza senti moja pamoja na gharama za kesi.

Hadi alipokufa mwaka 1859, Augustus alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000. Lakini hakumpokea yeyote tu: alichunguza kwanza tabia yake, akamtafutia kazi, akapeleka habari zake kwa hakimu. Mwaka 1878 jimbo la Massachusetts likaifanya desturi hiyo kuwa sheria, meya wa Boston akapewa ruhusa ya kuajiri mwangalizi wa kazi hiyo. Jirani alitangulia, sheria ilimfuata baada ya miaka 37.

Basi, wazee wetu, kijana aliyeiba akirudi kati yenu, msiulize tu kama ametubu. Ulizeni pia: nani atamsimamia, kwa masharti gani, hadi lini? Kumsamehe pasipo mdhamini ni kumwacha peke yake, na aliyeibiwa pia.