Kutoka Ubao wa Chuoni hadi Riwaya: Historia Fupi ya Kufunza Ufasaha wa Kusoma Kiswahili Nchini Kenya

Utangulizi

Walimu wengi wa fasihi katika shule za sekondari hulalamika kwamba wanafunzi hawasomi vitabu teule. Hutegemea miongozo, hukariri maudhui na sifa za wahusika, kisha huingia katika chumba cha mtihani bila kuifungua riwaya yenyewe. Aghalabu lawama huelekezwa kwa uvivu, runinga au simu. Makala haya yanauliza swali jingine: je, mwanafunzi huyo aliwahi kufunzwa kusoma kwa ufasaha? Kwa ufasaha tunamaanisha kusoma kwa usahihi, kwa kasi ifaayo na kwa kiimbo kinachodhihirisha maana. Historia ya elimu nchini inaonyesha kuwa stadi hii haiji yenyewe. Hufunzwa waziwazi, hatua kwa hatua, na hatua inaporukwa, pengo lake hujitokeza miaka mingi baadaye katika darasa la fasihi.

Mafunzo ya chuoni

Msamiati wetu wa elimu umehifadhi kumbukumbu za shule za kwanza za pwani. Neno chuo hapo awali lilimaanisha kitabu. Ndiyo sababu utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ni ya mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Kuhitimu kulikuwa kumaliza kuisoma Kurani yote. Irabu zilikuwa alama zilizowekwa juu au chini ya herufi za Kiarabu kuonyesha vokali.

Mtoto alianza kwa majina ya herufi, akafuata herufi pamoja na irabu zake, kisha maneno, ndipo akafika kwenye sura fupi. Mwalimu alitamka, mtoto akafuatisha akiutazama ubao wake, na alipokosea alisahihishwa papo hapo. Somo lilirudiwa hadi likaiva. Huo ulikuwa ufundishaji wa wazi kabla haujapewa jina hilo.

Hata hivyo, njia hiyo ilikuwa na mipaka. Lugha iliyosomwa ilikuwa Kiarabu, ambacho watoto wengi hawakukielewa. Aidha, hati hiyo ilipotumiwa kuandika Kiswahili, irabu zake tatu hazikutosheleza vokali zetu tano. Alama moja ilisimamia i na e, nyingine u na o. Kwa hiyo choma na chuma, au pita na peta, yangeweza kuandikwa kwa namna moja. Msomaji wa tenzi alilazimika kuielewa sentensi kwanza ndipo alitamke neno sawasawa. Katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, aliirekebisha hati hiyo ili iafiki zaidi sauti za Kiswahili.

Hati za Kilatini na silabi

Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1850 alichapisha sarufi ya Kiswahili. Mwaka 1870 Edward Steere alitoa kitabu chake cha kufunzia lugha hii. Ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, tahajia ya Kilatini ilisanifishwa. Sasa kila vokali ilikuwa na herufi yake, na kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa vokali, mwalimu aliweza kuanza na a, e, i, o, u, akaendelea na ba, be, bi, bo, bu, kisha akaunda maneno. Kusoma kulikuwa alama ya maisha mapya: Wakikuyu waliwaita Wakristo wa mwanzo athomi, yaani wasomaji.

Baada ya uhuru

Mwaka 1957 Kituo Maalum cha Nairobi kilianza mpango wa kufunza kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikauunga mkono mwelekeo huo. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumiwe katika madarasa ya chini, na Kiswahili kiwe somo la lazima. Hili la Kiswahili lilitimia kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, lugha yetu ilipoanza kutahiniwa katika mtihani wa darasa la nane.

Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, lakini mtihani huo ulipima ufahamu kwa maswali ya kuchagua jibu. Kusoma kwa sauti hakukutahiniwa, na kisichotahiniwa hupuuzwa kwa urahisi. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo, idadi ya wanafunzi iliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Katika darasa lililofurika, kumsikiliza kila mtoto akisoma kuliwashinda walimu wengi.

Kurejea kwa ufundishaji wa wazi

Mwaka 2000 jopo la kitaifa la Marekani kuhusu usomaji lilitaja nguzo tano: utambuzi wa sauti, uhusiano wa sauti na herufi, ufasaha, msamiati na ufahamu. Jopo hilo lilibaini kwamba kusoma kwa sauti na kurudia chini ya uelekezi wa mwalimu huimarisha ufasaha. Nchini Kenya, baada ya majaribio ya mwaka 2011 hadi 2014, mpango wa Tusome ulianzishwa kote nchini mwaka 2015. Kila mtoto alikusudiwa kuwa na kitabu chake, na mwalimu akapewa mwongozo wa kila kipindi: kwanza mwalimu anaonyesha, kisha wanafanya pamoja, mwishowe mwanafunzi anafanya peke yake. Tathmini zilionyesha maendeleo, ijapokuwa watoto wengi bado hawakufikia kiwango kilichowekwa.

Kiwango hicho kina funzo la kiisimu. Msomaji fasaha wa Kiswahili alitarajiwa kusoma maneno 45 kwa dakika, na wa Kiingereza maneno 65. Tofauti hii haishangazi. Neno hatukuwatembelea lina silabi 8, na ndani yake mna ukanushi, nafsi, wakati, mtendwa na mnyambuliko. Mtoto anayelitamka silabi moja moja husahau ha- kabla hajafika mwisho. Amesoma neno lote lakini hajui kama wageni walitembelewa au la.

Nafasi ya mwalimu wa fasihi

Mwanafunzi wa namna hii akikabidhiwa riwaya ya kurasa mia mbili, kukimbilia mwongozo si uvivu mtupu. Ni njia ya kujinusuru. Mwalimu wa sekondari anaweza kumsaidia bila kuacha silabasi. Achague aya moja kila kipindi, aisome mwenyewe kwa kiimbo, darasa liifuatishe, kisha wanafunzi wairudie wawili wawili. Maneno marefu yachanganuliwe mofimu kwa mofimu kabla ya kusomwa. Ushairi nao ni hazina. Anayeweza kuikata mishororo ya utenzi katika mizani 8 anafanya zoezi lile lile la silabi, na anaposoma akizingatia vina na vituo, huanza kusikia maana.

Hitimisho

Chuo kilifunza matamshi lakini mara nyingi kikaiacha maana. Shule ya mtihani ilidai maana bila kuhakikisha ufasaha. Historia haitutaki tuchague moja kati ya hayo mawili, kwani kila kimoja hukitegemea kingine. Tunapomwuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu dhamira ya mwandishi, kwanza tumsikilize akisoma ukurasa mmoja kwa sauti. Huenda tukagundua kwamba anachokosa si akili ya kuhakiki, bali hatua ambayo hakuna aliyemwonyesha.