Reli Bila Tembo: Njia ya Tabora–Mwanza na Kutoweka kwa Wanyama Wakubwa Shinyanga

Migongano ya treni na wanyamapori Afrika Mashariki huelezwa zaidi kwa mfano wa Tsavo nchini Kenya. Huko reli ilitangulia, na hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1948 njia hiyo ilikuwa tayari imekata mapito ya tembo. Njia ya Tabora–Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928 kupitia Shinyanga, haikupata sifa hiyo. Usukumani, anapotajwa mnyama relini, anayefikiriwa kwanza ni ng'ombe.

Si kwamba Shinyanga haikuwa nchi ya wanyama. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe pamoja na nyati. Malisho yaliyoachwa yakageuka vichaka, na vichaka vikawa makazi ya ndorobo. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, aliyaona mabadiliko ya namna hii kuwa dalili ya watu kupoteza udhibiti wa mazingira yao. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa haitoshi kueleza jinsi udhibiti huo ulivyorudishwa Shinyanga na kwa gharama ya nani.

Miaka ya 1920 Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya kuhifadhi wanyamapori Tanganyika, aliendesha Shinyanga kampeni za kufyeka vichaka, akitegemea mamlaka ya watemi na nguvu kazi ya wananchi. Aina moja ya ndorobo, Glossina swynnertoni, inabeba jina lake. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kuanzia mwaka 1945 watafiti wa Shinyanga walikwenda mbali zaidi: wanyama wakubwa walipigwa risasi kwa maelfu ili ndorobo akose damu. Mashamba ya pamba, yaliyotegemea reli kusafirisha mavuno, yalipanuka katika ardhi iliyofyekwa. Treni haikuhitaji kuwagonga wanyama hao. Uchumi ulioihudumia reli ulikuwa umewaondoa.

Geita haikupata reli. Dhahabu, tofauti na pamba, ni mzigo mdogo usiohitaji mabehewa.

Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha miti kupitia ngitili, lakini tembo hawarudi kwa sababu tu miti imeota. Hata hivyo wapo mbali kidogo: upande wa mashariki katika Pori la Akiba Maswa, linalopakana na Serengeti, na upande wa magharibi katika eneo la Kigosi na Moyowosi. Kati ya pande hizo ndipo inapopita reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021. Tathmini inayohesabu wanyama wanaoonekana leo pekee itapokea matokeo ya kampeni ya ndorobo kana kwamba ndiyo hali ya asili ya Shinyanga, na vivuko vitakavyojengwa chini ya tuta vitapimwa kwa kimo cha ng'ombe.