Sikio, Waya na Kidude cha Matundu Kumi na Sita

Kama umewahi kusafiri kutoka Biharamulo kwenda Ngara, msomaji, basi pori unalijua. Ukishaiacha Lusahunga, ukaipita Nyakahura, nyumba zinapungua na miti inazidi, na usiombe gari likuzimikie huko jua likiwa linashuka. Sisi tulikulia kwenye hadithi za majambazi wa pori hilo, za enzi zile magari yalipokuwa yakisubiriana ili yavuke kwa msafara wenye askari.

Ndiko Corolla yangu ilikozima.

Ni Corolla 110, ya mwaka 1996, mtumba wa Japani. Ugonjwa wake ulikuwa huu: asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto inaanza kukohoa, inatoa moshi mweusi, kisha kimya. Nilikwisha ipeleka gereji moja mjini. Wakabadilisha plagi, haikupona. Wakabadilisha pampu ya mafuta, haikupona. Kila mara mimi natoa hela, bwana, na kila mara naambiwa "sasa iko poa". Mwisho nikasema liwalo na liwe, nikanunua kile kidude cha kupimia, kinachochomekwa kwenye gari na kuongea na simu. Sasa nipo porini nacho mkononi, ninatafuta chini ya usukani pa kukichomeka. Hapakuwa na pa kukichomeka!

Hapo kuna historia kidogo. Soketi ile ya matundu 16 haikuzaliwa kwa ajili ya kukusaidia wewe wala mimi. Ilizaliwa kwa sababu ya moshi. Jimbo la California, ambako Los Angeles ilikuwa ikisongwa na hewa chafu, lilitaka magari mapya kuanzia modeli za 1988 yawe na uwezo wa kujipima na kuwasha taa mitambo ya kudhibiti moshi inapoharibika. Lakini kila kampuni ilikuwa na lugha yake na plagi yake. Ndipo Marekani ikaagiza kwamba kuanzia modeli za 1996 kila gari jipya linalouzwa huko liwe na soketi ya namna moja na namba za ubovu za namna moja. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Corolla yangu kweli ni ya 1996, ila ilitengenezwa iuzwe Japani, ambako sheria hiyo haikuwapo. Muuza duka hakuniambia, na sidhani kama alijua.

Lori la mizigo likielekea Rusumo likasimama. Akashuka mzee mmoja, mvi kichwa kizima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Mbona umeshika simu badala ya spana?"

Nikamwonyesha kidude. Akacheka, si kwa dharau. Akasema yeye alianza kuendesha huku mwaka 1994. Huna haja ya kuelezwa mwaka huo ulikuwa nini Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakiyakimbia mauaji ya Rwanda, wakatua Benaco, mahali palipoitwa jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa ikijenga barabara. Kambi ikawa kama jiji. Maji, mahindi, dawa, mahema, vyote viliingia kwa magurudumu, mpaka wakimbizi waliporudishwa kwao Desemba 1996.

Vitabu vya miaka ile vinataja mashirika na mikutano. Havitaji mafundi. Lakini Land Cruiser au lori likifa barabarani lina maji au unga, kuna mtu analala na kiu au njaa. Na magari yale mengi yalikuwa ya dizeli isiyo na kompyuta hata kidogo. Mzee alinieleza walivyokuwa wakiyapima. Injini ikikosa silinda moja, unailegeza nati ya bomba la nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inanguruma. Ukilegeza na mlio ukabadilika, silinda hiyo ni nzima. Ukilegeza na mlio usibadilike, umempata mgonjwa. Beringi unaisikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Moshi nao unasema: mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, wa bluu ni oili inaungua, mweupe ni dizeli isiyoungua au maji yameingia pasipo pake.

Nikawaza: mwaka uleule wa 1996 ambao Wamarekani walilazimisha soketi moja kwa magari yote, fundi wa Benaco alikuwa na bisibisi sikioni. Na magari yalitembea.

"Sasa hili lako ni la petroli na lina kompyuta," mzee akasema, "lakini linajua kuongea bila simu." Akafungua boneti, akanionyesha kijisanduku cheusi ambacho mimi nilikuwa nakiona kila siku. Kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya vijitundu vyake. Akachukua kibanio cha karatasi kwenye hati zake za mizigo, akakinyoosha, akaunganisha TE1 na E1. Nikafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kukonyeza: mara mbili, ikapumzika, mara mbili tena. Ishirini na mbili. Kwenye Toyota za aina hiyo maana yake ni sensa ya joto la maji.

Mimi papo hapo: basi nitanunua sensa!

"Nani kakwambia ni mbovu?" akauliza. "Namba inakwambia kelele inatoka mtaa gani. Haijakwambia nyumba."

Akatoa mita yake ya umeme, ya kawaida kabisa, akaichomoa plagi ya sensa na kupima. Sensa hiyo ikiwa baridi huonyesha omu elfu mbili au tatu, ikipata moto hushuka hadi mia mbili, mia nne hivi. Yangu ilikuwa ya moto na ilisoma kama mia tatu. Nzima! Akaigeuza plagi ya waya: ndani kutu ya kijani. Kutu hiyo ilikuwa ikiidanganya kompyuta kwamba injini bado ni baridi, nayo ikawa inaimwagia petroli mpaka inasongwa. Tukakwangua kwa msumari, tukabana vizuri, tukachomoa fyuzi ya EFI kidogo ili namba ifutike. Ikawaka. Pampu yangu ya zamani, ile niliyoambiwa imekufa, najua sasa ilikuwa nzima.

Baada ya hapo nimesoma sana habari za vidude hivi, maana hela iliyonipotea iliniuma. Vingi vya bei poa vinatokana na chipu ya ELM327, iliyotolewa mwaka 2005 na kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics. Programu ya toleo la kwanza haikukingwa, wajanja wakainakili, na nakala zikajaa dunia nzima. Kampuni yenyewe ilifunga mwaka 2022. Kwa hiyo maandishi kwenye boksi yasikutie kiwewe. Tazama kwanza gari lako ni la mwaka gani na lilitengenezwa liuzwe wapi. Na hata likikubali, kidude cha kawaida husoma yale yanayohusu moshi na injini tu. Breki za ABS na mifuko ya hewa vinataka mashine inayojua lugha ya kampuni yenyewe. Mimi ningeanza na mita. Betri iliyotulia ikupe volti 12.6 hivi, injini ikiwaka 13.5 hadi 14.5. Matatizo kibao hukamatiwa hapo.

Majuzi jirani yangu wa Ngara mjini, mwenye Probox ya 2004, alikuja mbio: soketi ya matundu 16 anayo, kidude kimechomekwa, simu inasema haioni gari. Mitumba ya Japani ya miaka hiyo ndivyo ilivyo, soketi ipo ila lugha siyo. Nikamwambia azime kila kitu. Tukahesabu vijitundu kwa tochi, la 4 na la 13, tukiliepa la 16 kwa sababu lina moto wa betri moja kwa moja. Kisha nikamtuma mwanawe akatafute kibanio cha karatasi.