Jina na Anwani: Saraka za Majina katika Usimamizi wa Seva za Ujumbe, 1988–2021

Historia ya mifumo ya ujumbe wa mashirika huelezwa kwa kawaida kupitia foleni zenyewe. Insha hii inaitazama kupitia saraka ya majina, chombo ambacho msimamizi hukisimika mara moja kisha akakisahau.

Kiwango cha X.500 kilitolewa mwaka 1988, nacho kilikuwa kizito mno kwa kompyuta za mezani za wakati huo. Mwaka 1993 ilitangazwa LDAP, itifaki nyepesi iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka huohuo IBM ilitoa MQSeries. Njia hizo mbili zilikutana baada ya Sun Microsystems kutoa JMS mwaka 1998, kwani programu ya Java sasa iliweza kuitafuta foleni kwa jina kupitia kiolesura cha JNDI.

Faida yake ilikuwa dhahiri. Programu ilijua jina tu; msimamizi ndiye aliyejua seva, mlango (kwa kawaida 1414) na meneja wa foleni. Seva ikihamishwa, lilibadilishwa ingizo moja, wala programu haikuandikwa upya. Zana ya IBM iitwayo JMSAdmin iliuliza hasa mambo mawili: aina ya saraka na mahali ilipo. Asiye na seva ya LDAP aliweza kutumia folda ya kawaida, na maelezo yote yakakaa katika faili moja, .bindings. Aliyeweza kuliandika faili hilo aliweza pia kuuelekeza ujumbe kwingine.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi ilitoka upande wa LDAP. Waraka RFC 2713 wa Oktoba 1999 uliruhusu ingizo la saraka kubeba sifa ya javaCodebase, yaani anwani ya kupakulia msimbo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo maana ya saraka ilipogeuka: jina liliacha kurejesha anwani peke yake, likaweza kurejesha programu. Mwaka 2013 maktaba ya Log4j ilipewa uwezo wa kuuliza JNDI. Desemba 2021 ikafichuka kwamba maandishi ya mtu wa nje, yakiingia tu katika kumbukumbu za seva, yangeifanya iulize saraka ya mshambuliaji. Java ilikuwa imeuzuia upakuaji huo tangu Oktoba 2018, lakini matoleo ya zamani yalikuwa bado kazini, na zuio lenyewe halikuziba kila mwanya.

Toleo 2.16.0 la Log4j liliizima JNDI. Baadaye, hata kupeleka kumbukumbu kwenye foleni ya JMS kulimhitaji msimamizi aiwashe mwenyewe.